Kusoma seli za saratani kwa mwanga: maswali na majibu

Swali: Jee, mwanga unawezaje kutambua seli ya saratani?

Jibu: Mwanga hautambui ugonjwa, unachotambua ni kemikali zilizomo ndani ya seli. Mwaka 1928 mwanafizikia wa India, C. V. Raman, alionyesha kwamba mwanga unapogonga molekuli, sehemu yake ndogo mno hutoka ikiwa imebadilika rangi kidogo, kwa sababu imebadilishana nishati na mtetemo wa molekuli hiyo. Kwa kuwa kila aina ya molekuli hutetema kwa namna yake, mashine ya spektroskopia, yaani ya kuuchambua mwanga rangi kwa rangi, huyaonyesha mabadiliko hayo kwa mchoro wenye vilele, na kutokana na vilele hivyo mtaalamu hukadiria kiasi cha protini, mafuta na DNA.

Swali: Ni mabadiliko gani hasa yanayoonekana?

Jibu: Tuchukue mlango wa kizazi, ambao saratani yake ni miongoni mwa zinazowasumbua zaidi wanawake wa Tanzania. Seli zake za juu zikiwa nzima huhifadhi glaikojeni, yaani sukari ya akiba, lakini zinapoelekea kwenye saratani akiba hiyo hupungua na kiini cha seli hukua. Chini ya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ambao nao hutumika katika spektroskopia, kilele cha glaikojeni hufifia. Iodini, kipimo cha zamani zaidi, hutegemea jambo hilo hilo: ikipakwa, sehemu nzima hugeuka kahawia iliyokoza, na yenye hitilafu hubaki manjano. Hata hivyo, glaikojeni hupungua pia kwa mwanamke aliyekoma hedhi, kwa hiyo kilele kimoja hakitoshi, na watafiti hulazimika kulinganisha mchoro mzima kwa kompyuta.

Swali: Jee, mwanga huo una madhara kama eksirei?

Jibu: Hapana. Mwanga wa infraredi hauna nguvu ya kuvunja DNA, ingawa leza, yaani mwanga mkali uliokusanywa unaotumika kwa njia ya Raman, ikizidishwa huunguza seli inayochunguzwa.

Swali: Nikienda hospitali ya Chake Chake au Mnazi Mmoja, nitapimwa hivi?

Jibu: Usitarajie. Kwa sehemu kubwa hii bado ni kazi ya maabara za utafiti, na michoro ya mashine mbili tofauti hailingani kirahisi. Mlango wa kizazi huchunguzwa kwa kupakwa asidi ya siki, ambayo huigeuza nyeupe sehemu yenye hitilafu, na jibu la uhakika hutokana na kinyama kinachokatwa na kutazamwa kwa darubini. Ama kimashine cha kushika kiganjani, kinachouzwa kwa madai kwamba husoma saratani ya mwili mzima, hicho si spektroskopia, hata muuzaji akikiita hivyo.