Lafudhi hairithiwi kwa damu

Katika makundi ya WhatsApp hurudi mara kwa mara ujumbe unaodai kuwa lafudhi imo katika damu, hivyo mtoto wa Kigogo atasikika Mgogo hata akilelewa Tanga. Dai hilo si la kweli. Mtoto huzaliwa na uwezo wa kujifunza lugha yoyote, lakini matamshi huyapata kwa kusikia: kwanza kwa wanaomlea, kisha, anapoanza kucheza nje na kwenda shule, kwa wenzake, ambao mara nyingi huwashinda hata wazazi.

Tunachanganyikiwa kwa sababu waliotuzaa ndio, kwa kawaida, waliotulea, na sauti ya baba ikisikika kinywani mwa mwanawe tunadhani ni damu. Naomba tuache kuusambaza ujumbe huu, kwani huwaumiza watoto wanaoambiwa kwamba wameikana asili yao.

Anayetaka kuhakikisha awasikilize watoto wa watumishi waliohamia Dodoma kutoka Bukoba au Mbeya: mama anaita kutoka jikoni kwa lafudhi ya kwao, na mtoto aliyekulia hapa anamwitikia kwa lafudhi ya wenzake wa mtaani.