Mama, mimba ya volkano haikumharibu mtoto

Wiki hii, ofisini kwangu hapa Goma, amekuja mama wa tatu mwenye hofu hiyo. Ni wa mtaa wa Majengo, na nyuma yake mtoto wa kiume wa miaka minne ameshika pindo la kitenge, analizungusha kidoleni mpaka ncha ya kidole inapauka. Mama hajakaa hata vizuri, ameanza kujitetea. "Docta, mwalimu wa shule ya maternele ameniambia huyu ni mtoto wa volkano. Hofu niliyokimbia nayo ilimwingia tumboni, na haitamtoka tena."

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Siku tano baadaye, ilipotoka amri ya kuhama, alitembea kwa miguu hadi mji wa Sake, ardhi ikiendelea kutetemeka. Na leo mtu mzima aliyesoma anamwambia kwamba safari ile ndiyo iliyomharibu mtoto.

Jambo hili nimelijibu ofisini mara nyingi mno. Sasa naliandika, ili mama mwingine akiambiwa hivyo awe na cha kumwonyesha mwalimu.

Lingekuwa uongo mtupu ningelimaliza kwa dakika mbili. Tatizo ni kwamba lina chembe ya ukweli ndani yake. Msongo wa mama mjamzito humfikia mtoto. Sehemu ya kotisoli yake, homoni ya msongo, hupita kwenye kondo la nyuma. Uchunguzi mkubwa wa Avon, Uingereza, ulionyesha mwaka 2002 kwamba mama waliokuwa na wasiwasi mkali mwishoni mwa mimba, watoto wao walipofika miaka minne walikuwa na matatizo ya hisia na mwenendo kama mara mbili ya wenzao. Na hapa hapa Goma, hospitali ya HEAL Africa, Connie Mulligan na wenzake walipima mama na vichanga vyao wakati wa kujifungua, wakatoa matokeo mwaka 2012: kadiri mama alivyopitia mateso ya vita, ndivyo alama za methili, yaani vialama vya kemikali juu ya jeni, zilivyobadilika kwenye jeni NR3C1 ya mtoto, jeni ya kipokezi cha kotisoli, na ndivyo uzito wa kuzaliwa ulivyopungua.

Watu husikia hayo wakaishia hapo. Lakini "mara mbili" ya kitu kinachowapata wachache bado ni wachache. Hata kwa mama wale wa Avon waliokuwa na wasiwasi kuliko wote, watoto walio wengi sana hawakuwa na tatizo lolote. Utafiti wa Goma nao ulikuwa wa mama 25 na watoto wao 25, na ulipima damu na uzito wa kuzaliwa. Haukupima woga wa mtoto wa miaka minne mlangoni pa darasa. Anayeutumia kumwambia mama kwamba mtoto wake hatapona ameuchukua utafiti wetu wenyewe akaugeuza kuwa fimbo ya kumchapia mzazi.

Sasa hulka, yaani tabia ambayo mtoto huzaliwa nayo. Kaeni siku moja kwenye benchi la sentri ya afya, siku ya kupima watoto, mwangalie wale wa miezi minne. Mlango unabamizwa na upepo. Mmoja anageuza macho polepole, anaendelea kunyonya ngumi yake. Wa pembeni yake anakaza mgongo kama upinde, miguu inapiga hewa, uso unakunjamana, na kilio kinafuata. Wametoka mtaa mmoja, pengine mama zao walikimbia volkano katika gari moja.

Jerome Kagan, wa Chuo Kikuu cha Harvard, alilifanya hilo kwa utaratibu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa vichanga karibu 500. Aliwatingishia midoli inayoning'inia, akawasikilizisha sauti zilizorekodiwa, akawasogezea puani pamba yenye harufu ya pombe. Kama mmoja kati ya watano alirusha miguu na kulia; kama wawili kati ya watano walibaki wametulia. Wale wa kwanza, walipofika mwaka wa pili, ndio waliokuwa wepesi kurudi nyuma mbele ya mgeni au kitu kipya. Hao ndio tunaowaita wenye hulka ya kusitasita, na wapo kila mahali, Boston na hapa kwetu Birere.

Hulka hiyo inaongeza hatari, sitaficha. Mwaka 2012 watafiti Clauss na Blackford walikusanya tafiti zilizowafuata watoto wa namna hiyo: zaidi ya asilimia 40 walikuja kupata ugonjwa wa wasiwasi wa mbele za watu. Ni nyingi kuliko kwa watoto wengine, tena sana. Lakini waliobaki ni zaidi ya nusu, nao hawakuugua. Kagan mwenyewe alisisitiza kwamba hulka inatabiri vizuri zaidi mtoto atakavyokosa kuwa kuliko atakavyokuwa: kichanga aliyerusha miguu ni nadra awe kijana mchangamfu asiyejali lolote, na hata hivyo wengi wao hawakukua kuwa watu wa kutetemeka.

Kuna jambo lingine ambalo ningependa kila mwalimu alijue. Mwaka 2003 Carl Schwartz, pamoja na Kagan na wengine, waliwaita watu wazima 22 waliokuwa wamepimwa walipokuwa na miaka miwili, wakawapiga picha za ubongo huku wakiwaonyesha nyuso ngeni. Amigdala, sehemu ya ubongo iliyo kama kengele ya hatari, ya wale waliokuwa watoto wa kusitasita iliitikia kwa nguvu zaidi, baada ya miaka ishirini yote hiyo. Basi alizaliwa hivyo na atabaki hivyo? Hapana! Katika kundi lile ni wawili tu waliokuwa na ugonjwa wa wasiwasi. Wengine kengele yao ililia vilevile, nao walikuwa wanaishi, wanasoma, wanafanya kazi. Kengele kulia ni kitu kimoja. Kushindwa kutoka nyumbani kwa ajili yake ni kitu kingine. Hapo katikati pana maisha mazima, na ndipo kazi yangu ilipo.

Nirudi kwa yule mama. Alieleza habari ya mwaka 2021 kwa urefu, saa kwa saa. Nikamuuliza, "Na Januari 2025, mama, mlikuwa wapi?" Akanyamaza. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili mji ulipopiganiwa. Walilala kwenye korido, yeye juu ya mtoto, viganja vyake vimemziba masikio. Tangu siku zile mama hapati usingizi. Pikipiki ikitoa mlio anashtuka, na mtoto anamtazama usoni kwanza kabla ya kuangalia ilikotoka sauti.

Hii ndiyo hasira yangu hasa. Hadithi ya mimba inafunika yale mtoto aliyoyaona kwa macho yake, na inamfunika mama ambaye leo hii ni mgonjwa na anatibika. Mimba imekwisha pita, hakuna wa kuirudia. Usingizi wa mama tunaweza kuanza kuushughulikia Alhamisi. Mtoto mwenye hulka ya kusitasita husoma uso wa mzazi kuliko mwingine yeyote, kwa hiyo kumtibu mama tayari ni kumtibu mtoto.

Uso huo una nguvu kiasi gani? Utafiti ninaoupenda kuliko yote ulitoka mwaka 1996, katika maabara ya Megan Gunnar kule Minnesota. Watoto wa mwaka mmoja na nusu waliletewa vitu vya kuwashtua huku mama yupo. Wale wa kusitasita waliogopa, wote. Lakini kotisoli ilipanda kwa wale tu ambao uhusiano wao na mama haukuwa wa kutegemewa. Waliokuwa na pa kuegemea waliogopa kwa uso, na ndani ya mwili mambo yakatulia. Mtoto kulia mbele ya mgeni, basi, si dalili kwamba ameumia. Analia, anashikwa, anatazama tena.

Na hapa ndipo ninapogombana na watu wa pande zote mbili.

Upande mmoja ni akina baba, na walimu wengi pamoja nao. Mtoto wa kiume haogopi. Msukume ndani, funga mlango, atanyamaza. Kweli atanyamaza. Nimewaona walionyamaza: wanakaa darasani mikono katikati ya mapaja, hawaombi hata kwenda chooni, na mwalimu anajisifu kwamba amemponya. Mtoto huyo amejifunza kwamba akiogopa hakuna wa kumtazama. Fimbo nayo inaongeza kitu cha pili cha kuogopa juu ya kile cha kwanza. Sina zaidi ya kusema kuhusu fimbo.

Upande wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu umejaa upendo. Mgeni ameingia sebuleni, ameinama, anauliza, "Unaitwa nani, mwanangu?" Mtoto anatazama sakafu. Sekunde moja, mbili, tatu. Mama anajibu kwa niaba yake. Mgeni anacheka, mtoto anajificha nyuma ya kiti, kila mtu anapumua. Ile pumzi ndiyo somo! Mwili wa mtoto umesajili kwamba hofu ilishuka pale alipokimbia, na kwamba jina lake mwenyewe ni kitu asichoweza kukitamka. Likitokea mara kumi kwa siku, miaka mitano, hulka inakuwa ugonjwa, na hakuna aliyemtendea baya.

Nawaomba akina mama wahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kujibu. Wanasema ni sekunde ndefu kuliko zote walizowahi kukaa. Pengine mtoto atanong'ona, pengine atajibu kwa kidole, pengine hatajibu, na mgeni aseme tu, "Utaniambia siku nyingine." Hatumtupi mtoto katikati ya ziwa, wala hatumbebi mgongoni milele: tunashuka naye, maji ya kifundo cha mguu leo, ya goti wiki ijayo. Ron Rapee wa Sydney aliwafundisha wazazi wa watoto wa namna hii katika vikao sita tu. Mwaka 2005 alionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja watoto wao walikuwa na magonjwa machache ya wasiwasi kuliko wale ambao wazazi hawakufundishwa. Hulka yenyewe haikubadilika kwa kiasi cha kupimika. Watoto walibaki wapole, wa kusitasita, na wazima.

Na upole huo si kasoro kila mahali wala kila wakati. Xinyin Chen alipima watoto wa shule za Shanghai. Mwaka 1990 watoto wenye haya walipendwa na wenzao na walifanya vizuri darasani; mwaka 2002, mji ulipokwisha badilika kuwa wa ushindani, haya ile ile iliwafanya wasukumwe pembeni. Kwetu mtoto anayesalimia kwa kuinamisha macho bado anaitwa mwenye adabu nyumbani, halafu asubuhi inayofuata darasa la watoto wengi linamwita mjinga. Mtoto ni yule yule.

Kuna vitu vinavyonikosesha usingizi mimi pia. Tafiti nyingi nilizozitaja zimetoka kwa watoto ambao hofu yao ilikuwa kubwa kuliko hatari iliyokuwepo. Tunamwambia mtoto asogee, aone kwamba hakuna kitu. Goma mara nyingine kitu kipo. Nikimwambia mama amwachie mtoto aende peke yake mpaka kibanda cha jirani, nimewahi kuacha sentensi katikati, nikamuuliza kwanza hali ya avenyu yao ikoje jioni. Kuna watoto ambao baada ya vikao vinne bado siwezi kusema ni hulka inayosema au ni ile korido ya Januari. Vitabu vinatenganisha sura hizi mbili. Mtoto aliyekaa mbele yangu hazitenganishi. Ninachofanya ni kumuuliza mama kuhusu miezi ya kwanza: alilia kwa kila sauti? Aliogopa ndevu za mjomba? Mara nyingi anakumbuka, na mara nyingine kumbukumbu yake imepakwa rangi na yote yaliyofuata.

Yule wa kitenge, mama yake alikumbuka vizuri. Miezi mitano, ukifungua mwavuli analia mpaka anakosa pumzi. Dada yake, aliyezaliwa 2019 wakati wa utulivu, naye alikuwa hivyo hivyo, na sasa yuko shule ya msingi na anasoma kwa sauti mbele ya wenzake. Mama aliposema hilo alisimama ghafla, kama mtu aliyesikia kitu alichokuwa anakijua. Mimba ya dada haikuwa na volkano.

Muda wote huo mtoto hakunitazama. Nilikuwa nimeweka sakafuni vifuniko vya chupa za soda, vyekundu na vya bluu, nikavipanga mstari bila kumsemesha. Dakika ya ishirini hivi aliachia pindo kwa mkono mmoja. Akanyoosha mguu, akasukuma kifuniko cha bluu kwa kidole gumba mpaka kikatoka kwenye mstari. Nikakirudisha. Akakisukuma tena. Mama alitaka kumwambia "cheza na docta," nikamwashiria anyamaze.

Mwalimu nimemwandikia karatasi. Sikuandika habari za amigdala. Nimemwomba jambo moja: kuanzia Jumatatu mtoto afike dakika kumi kabla ya wenzake, darasa likiwa tupu, achague mahali pa kukaa, mama abaki mlangoni akionekana. Wengine waingie mmoja mmoja wakimkuta yeye ameshakaa.