Mangi, hicho ulichopiga na simu ni kichuguu

Jumamosi hii tena. Nimesimamisha kanvasi juu kidogo ya mji wa Moshi, saa moja kasoro asubuhi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imefunguka yote, kijana wa boda anapaki anaangalia weee, halafu, "Mangi, si upige tu na simu ukachore umekaa nyumbani?"

Nimechoka na hili swali jamani. Ila mlima hausubiri, ikifika saa tatu mara nyingi umeshajifunika mawingu, kwahiyo nikacheka tu. Jibu lake ndo hili.

Haya, piga. Simu ikifuata mwanga wa anga, migomba yote inageuka lami. Ukigusa migomba ing'ae, anga na barafu vinakuwa karatasi. Na kivuli cha mgomba sio cheusi, kina zambarau ndani, tyubu yangu ya nyeusi ipo tu inakauka. Saa sita mchana usichore kabisa, jua liko utosini, kila kitu kimekalia kivuli chake. Basi, hayo madogo.

Kinachoniudhi ni ukubwa. Mita 5,895, ukisimama pale mlima unakujaa kifuani, sasa fungua picha ya simu: kichuguu. Lenzi yake ni pana inabeba nguzo za umeme, barabara, mbwa wa watu, af mlima unabaki kidogo kule nyuma, ukikopi hivyo unapata barabara nzuri sana ambayo kwa bahati mbaya ina mlima. Mi naukuza. Nguzo natoa, Mawenzi, kile kilele cha pili, ikibidi naisogeza kidogo.

Sasa kuna kitu kinaninyima raha. Nikinyoosha mkono nikapima kwa mpini wa brashi, mti kwa mlima, kipimo kinakubaliana na simu! Uwiano uleule. Kwahiyo mwongo ni mimi? Cézanne, yule mchoraji Mfaransa, naye mlima wake wa Sainte-Victoire ni mkubwa kuliko picha za kamera zilizopigwa palepale alipochorea, nina mwenzangu, ila wawili kukosea pamoja sio ushahidi. Siku nyingine naukuza mpaka unakuwa wa kalenda, nafuta na kitambaa, naanza upya. Uishie wapi, kanuni yake sijaipata na miaka inaenda.

Yule kijana alivyopita akirudi akasimama tena, "Aisee, ndo wenyewe!" Nilikuwa nimeuongeza karibu mara moja na nusu.

Ila nguzo aliziulizia.