Je, wajua? Ua la uani linaitibuje saratani, na kwa nini majani yake hayachemshwi

Asubuhi moja kule Kisauni, Mombasa, nyanya mmoja jirani yangu alisimama ukutani kwangu akachuma kitawi cha lile ua la rangi ya waridi lenye petali tano. Unalijua hata kama hujawahi kuliuliza jina: linamea popote penye mchanga, kwenye nyufa za sementi, kando ya njia, makaburini. Akaliinua mbele ya uso wangu.

"Mwanangu, ati haya majani ndiyo dawa anayodungwa mjukuu wangu? Basi si nimchemshie papa hapa nyumbani? Nauli ya Makadara kila mara naitoa wapi?"

Mjukuu wake ana miaka saba na anatibiwa saratani ya damu. Makadara ni jina ambalo wengi wetu bado tunaiita Hospitali Kuu ya Pwani. Swali la nyanya lilinikaa moyoni siku nzima, maana lina majibu mawili. Ndiyo, dawa ile ilitoka kwenye mmea huu huu. Na hapana, nyanya, tafadhali usimchemshie.

Wataalamu huuita mmea huu Catharanthus roseus. Kwao ni Bukini, kama wazee wetu wanamaji walivyokiita kisiwa cha Madagaska, na kutoka huko ukaenea nchi zote za joto. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, alipokea bahasha ya majani yake kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kama chai ya kisukari. Akampa ndugu yake Robert, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Robert na mwenzake Charles Beer wakawanywesha panya maji ya majani hayo. Sukari haikushuka hata kidogo. Wakajaribu kuwadunga, na hapo panya wakaanza kufa kwa maambukizi, kwa sababu seli nyeupe za damu, zile askari wa mwili, zilikuwa zimepungua mno.

Mtu mwingine angeona jaribio limeharibika. Wao waliona jambo jingine: saratani ya damu ni seli nyeupe zilizozaliana kupita kiasi, basi kitu kinachozipunguza huenda kikawa dawa. Mwaka 1958 wakatangaza kemikali waliyoitoa majanini, vinblastini. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani ikapata ndugu yake, vinkristini, iliyoidhinishwa kule mwaka 1963. Hii ya pili ndiyo anayodungwa mtoto wa jirani.

Sasa inafanyaje kazi? Mwili wetu ni seli zinazogawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne, kisha zinaposhikana vya kutosha husimama. Kidonda chako kikipona, ngozi haiendelei kuota mpaka ikafunika mkono mzima. Seli ya saratani ni ile ambayo maagizo yake ya urithi yameharibika, ikawa haisikii tena amri ya kusimama.

Lakini kila seli, nzima au mbovu, ina kazi moja isiyoweza kuikwepa kabla ya kugawanyika. Lazima inakili maagizo yake yote, kisha nakala mbili zivutwe, moja huku na moja kule. Zinavutwa kwa nyuzi nyembamba mno ambazo seli huzisuka saa ile ile kwa vipande vidogo vya protini. Aliyewahi kumtazama mzee akisokota kamba ya makumbi ataelewa upesi: unachukua ufumwele, unaongeza mwingine, kamba inarefuka. Vinkristini hunata kwenye vile vipande, visiungane. Kamba haisukwi. Seli inabaki katikati ya kujigawa, haiwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na mwisho wake inakufa.

Hapo ndipo penye jibu la swali jingine ambalo kila familia huuliza: mbona nywele zinanyonyoka? Dawa haina macho. Haijui hii ni seli ya saratani na hii ni ya shina la unywele. Inachokijua ni nani anasuka kamba. Karibu nywele 9 kati ya 10 kichwani mwako ziko katika kipindi cha kukua, na seli za mashina yake ni miongoni mwa zinazogawanyika kwa kasi kubwa kabisa mwilini. Wiki mbili au tatu baada ya matibabu kuanza, zinabaki kwenye mto. Mashina yenyewe kwa kawaida hayafi, ndiyo maana nywele hurudi, pengine na mawimbi ambayo hazikuwa nayo.

Kwa vinkristini kuna la ziada, na hili watu hawaambiwi vya kutosha. Neva zetu zinatumia nyuzi za aina hiyo hiyo kama njia za kusafirishia mahitaji yake kutoka uti wa mgongo hadi ncha za vidole. Njia zikiharibika, neva ndefu zaidi ndizo za kwanza kuumia: vidole vya miguu na vya mikono vinachonyota, vinakufa ganzi. Tumbo nalo hufunga. Yule mtoto alianza kushindwa kufunga kifungo cha kanzu yake ya madrasa. Anakishika, kinamponyoka, anakishika tena. Nyumbani wakaanza kunong'ona kuhusu jini. Nilimsihi mama yake amwambie daktari siku ile ile, kwa sababu kipimo cha dawa kinaweza kupunguzwa.

Na kipimo ndicho kiini cha jibu langu kwa nyanya. Majani yale yana kemikali zaidi ya 100 za jamii hiyo, baadhi zinashusha shinikizo la damu, nyingine ni sumu tu. Vinkristini yenyewe imo kidogo mno hivi kwamba gramu moja huhitaji mamia ya kilo ya majani makavu. Kumbuka wale panya: walipokunywa, hapakutokea lolote la maana. Hospitalini inapimwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili wa mtoto, na inaingizwa kwenye mshipa pekee. Ikivuja nje, inaunguza nyama. Sufuria ya jikoni haina namna ya kufanya haya.

Nyanya alisikiliza, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Na ni nini kilichomtia ugonjwa huu?"

Kwa watu wazima mara nyingi kuna cha kutaja: tumbaku, pombe, virusi vya homa ya ini aina ya B, virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ambavyo Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Kwa watoto, mara nyingi sana hakuna. Seli moja ilikosea kunakili. Si jicho, si chakula alichokula mama akiwa mjamzito, na haiambukizi. Hakuna haja ya kumtengea kikombe, jambo ambalo lilikuwa limeshaanza katika nyumba ile na lilimuumiza mtoto kuliko sindano.

Kinachonitia uchungu ni ile nauli. Matibabu ya saratani ya damu ya aina inayowapata watoto wengi huchukua miaka miwili hadi mitatu. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri huponya zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Dawa ni ile ile ya ua. Tofauti iko katika kuchelewa kugundua, dawa kukosekana, na familia kuacha njiani: mama yule alishaacha kuuza mahamri ili akae wodini. Majirani tumeanza kuchangishana nauli, kila nyumba kidogo, na nyanya ndiye anayeshika daftari.

Daktari alipunguza kipimo. Juzi nilimkuta mtoto barazani, kichwa kitupu, kanzu imefungwa kifungo cha juu na cha chini. Cha katikati alikuwa bado anahangaika nacho, na hakutaka asaidiwe.