Shanga 37 na vifundo vitatu: jinsi sumu ya nge inavyoziba mlango wa neva

Tulikuwa Makunduchi baada ya sala ya alasiri, tumekaa chini ya mwembe, tunazungumza na wanakijiji juu ya viumbe wenye sumu. Kusini Unguja nge si mgeni. Ardhi ni mawe matupu, makumbi ya nazi yamerundikwa uani yakingoja kufukiwa pwani, na nge hupenda pahali popote penye giza na upenyo. Nilipomaliza maneno yangu, bibi mmoja msokota kamba, ambaye mikono yake haikutulia tangu tuanze, akaniuliza: “Mwanangu, umesema sumu, sumu. Hiyo sumu yenyewe ikoje? Ina umbo, au ni maji makali tu kama siki?”

Magharibi ilikuwa imekaribia, na swali lilihitaji nafasi. Jibu kamili ni hili.

Ina umbo, bibi, na umbo hilo ndilo linalofanya kazi. Siki huunguza kwa ukali wake. Ukiizidishia maji, ukali unakwisha. Tone linalotoka kwenye mwiba wa nge ni jambo jingine kabisa. Ndani yake mna protini ndogo ndogo za aina nyingi, na kila moja imeumbwa kwa kipimo cha mlango wake, yaani kitundu katika ukuta wa seli, katika mwili wa mawindo. Ziko za milango ya sodiamu, ziko za milango ya potasiamu, ziko za mingine. Mimi nitakaa na zile za potasiamu, kwa sababu ndizo zilizotufunulia siri za mwili wetu wenyewe, na kwa sababu katika kemia ya viumbe sijaona kitu kinachonivutia kuzidi hizo.

Tuanze na mlango. Potasiamu ndiyo hiyo tunayoipata kwenye maji ya dafu na ndizi mbivu. Mwilini hukaa kwa wingi ndani ya seli, na sodiamu, ile ya chumvi, hukaa kwa wingi nje. Neva, yaani mshipa wa fahamu, inapopeleka habari, milango ya sodiamu hufunguka na sodiamu huingia kwa kasi. Hapo neva imeshtuka. Ili itulie, milango ya potasiamu nayo hufunguka, potasiamu hutoka, na neva inarudi kama ilivyokuwa. Yote haya huchukua milisekunde chache. Mlango wa potasiamu ukizibwa, neva inachelewa kutulia. Inashtuka tena na tena, na msuli unaopokea amri zake unatetemeka na kukakamaa. Panzi aliyechomwa na nge hufa katika hali hiyo.

Mlango wenyewe umejengwa kwa vipande vinne vya protini vilivyosimama duara, na katikati mna tundu. Sehemu nyembamba kuliko zote ni chujio. Potasiamu hupita hapo moja nyuma ya nyingine, na kwa sekunde moja tu hupita zaidi ya milioni kumi. Sodiamu, ambayo ni ndogo kuliko potasiamu, hukataliwa! Mdogo anazuiwa na mkubwa anapita, imekuwaje? Kila chembe ya potasiamu au sodiamu hutembea imezungukwa na maji, kama mtu aliyejifunika kanga. Kupita kwenye chujio lazima kanga ivuliwe. Kuta za chujio zina atomu za oksijeni zilizopangwa kwa nafasi inayoitosha potasiamu barabara, kwa hiyo ikiyavua maji yake inapokewa na oksijeni hizo na haipungukiwi kitu. Sodiamu ni ndogo mno, haizifikii kuta za pande zote. Ikivua maji yake hakuna cha kuisitiri, basi inabaki nje.

Sasa sumu. Mfano unaofahamika zaidi ni karibdotoksini, inayopatikana kwa nge wa manjano wa majangwa ya Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, ambaye wataalamu humwita Leiurus quinquestriatus. Chukua uzi, utunge shanga 37. Kila shanga ni asidi amino moja, kipande kidogo cha kujengea protini, na mpango wake haubadiliki: ya kwanza ni hii, ya pili ni ile, mpaka mwisho. Uzi huo haukai umenyooka. Sehemu yake moja hujisokota kama springi. Sehemu nyingine hulala mistari mitatu ubavu kwa ubavu, kama ukili ulioungwa kuwa mkeka. Kisha springi na mkeka hufungwa pamoja kwa vifundo vitatu vya salfa: shanga ya 7 na ya 28, ya 13 na ya 33, ya 17 na ya 35. Kitu chote kina urefu wa kama nanomita 2 na nusu, na milimita moja ina nanomita milioni moja.

Bibi wa Makunduchi angeelewa kazi ya vifundo hivyo kuliko wanafunzi wangu wengi. Kamba isiyofungwa ncha hufumuka. Protini nyingi, kama ute wa yai, zikipata moto hufumuka na kazi yake inakwisha. Hii, kwa udogo wake, bila vifundo isingeshika umbo hata kidogo. Kwa vifundo vitatu imekuwa ngumu sana, inastahimili joto ambalo protini za kawaida haziliwezi. Sumu za nge za jamii hii ni nyingi, na nyingi zina shanga 30 hadi 40. Noksiustoksini ya nge wa Mexico, ambayo mwaka 1982 ilitangazwa kuwa inaziba milango ya potasiamu, ina 39. Shanga hutofautiana, lakini springi, mkeka na vifundo ni vile vile. Hata protini ambazo wadudu na mimea hujikingia na vijidudu zina kiunzi cha namna hiyo.

Uzibaji wenyewe ni kazi ya shanga moja hasa, ya 27. Ni lisini, asidi amino yenye mkono mrefu, na nchani mwa mkono huo mna chaji chanya, sawa na ya potasiamu. Sumu inapotua juu ya mlango kutoka nje, upande wa mkeka hulala bapa juu ya mdomo wa tundu, na mkono wa lisini huingia mwanzoni mwa chujio, pale pale ambapo potasiamu ingekaa. Mlango umezibwa. Sumu moja, mlango mmoja.

Tumelijuaje hili? Mwaka 1985 Christopher Miller na wenzake Marekani walieleza jinsi sumu hii inavyoziba mlango mmoja mmoja. Baadaye daktari aliyejiunga na maabara yake, Roderick MacKinnon, aliona naye jambo ambalo mimi huwasimulia wanafunzi kila mwaka. Ukiongeza potasiamu upande wa ndani wa seli, sumu iliyoko nje hutoka upesi zaidi. Ni kama kizibo kinachosukumwa na maji kutoka ngamani. Hilo lingewezekanaje kama kizibo hakijakaa katika njia ile ile ya potasiamu? Ilipobadilishwa shanga ya 27, athari hiyo ikatoweka. Mwaka 1991 MacKinnon akatumia sumu ya nge kuthibitisha kwamba vipande vya mlango ni vinne. Mwaka 1998 kundi lake likaonyesha umbo la mlango wa potasiamu wa bakteria, atomu kwa atomu, na mwaka 2003 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Peter Agre. Picha ya karibdotoksini ikiwa imekaa juu ya mlango ilitoka mwaka 2013. Mlango haukujipinda kuipokea. Sumu imetoshea kama ilivyo, ufunguo katika kitasa.

Umbo hili linatafutiwa kazi ya tiba. Baadhi ya chembe za kinga zinazoushambulia mwili wenyewe hutegemea sana mlango mmoja wa potasiamu, uitwao Kv1.3, na margatoksini ya nge huuziba vizuri. Aliyetangulia kufikishwa kwa wagonjwa, lakini, ametoka baharini: ni anemoni wa Karibi, ndugu wa wale laini wanaoshika miamba yetu na kuficha samaki wadogo kati ya mikono yao. Sumu yake ina shanga 35 na umbo tofauti, ila nayo huingiza lisini katika tundu. Dawa iliyotengenezwa kwa kuifuata, dalazataidi, imejaribiwa kwa wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi.

Kijana mmoja siku ile aliuliza kwa nini nge mdogo huweza kudhuru kuliko mkubwa. Ukubwa si kipimo. Tazama magando. Nge mwenye magando manene hutegemea nguvu ya kubana. Mwenye magando membamba na mkia mnene hutegemea sumu, na nge hatari zaidi duniani wengi ni wa namna hiyo. Kinachowadhuru watu zaidi ni sumu zao za milango ya sodiamu, ambazo ni ndefu zaidi na zina vifundo vinne. Zile za potasiamu huziongezea nguvu: moja inashtua neva, nyingine inaizuia isitulie.

Udogo na ugumu huo wa sumu ndio sababu kumchanja kwa wembe aliyechomwa na nge, au kumwekea jiwe la moto, hakusaidii. Huwezi kuchanja ukakiondoa kitu kidogo namna hiyo, ambacho kimeshasambaa, na joto litakaloifumua sumu litaiunguza nyama kwanza. Osha kwa maji na sabuni, vua pete na bangili, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, mpe mgonjwa parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Usifunge kamba, usinyonye. Kwa mtu mzima maumivu mara nyingi hupungua ndani ya saa chache. Mtoto mdogo apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama amenyamaza. Na yeyote anayetokwa jasho au mate mengi, anayetapika, anayehema kwa shida, ambaye macho yanacheza au viungo vinaruka, apelekwe hospitali usiku huo huo. Ikiwezekana pigeni picha ya nge kwa simu, magando na mkia vionekane.