Je, wajua kwa nini Gede imechimbwa sana na Mombasa kidogo?

Ukienda Malindi kutoka Mombasa unapita Gede, magofu yaliyomo msituni, kima wakirukaruka juu ya kuta. James Kirkman, mtafiti wa mambo ya kale, alianza kuchimba pale mwaka 1948, na leo mgeni huonyeshwa msikiti, jumba la mfalme, visima, hata vyoo. Mombasa nayo ilitajwa na mwanajiografia al-Idrisi tangu karne ya 12. Mbona basi mitaa yake ya zamani hatuioni hivyo?

Ni kwa sababu Gede walihama, Mombasa hawakuhama. Mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuteka mji wa Mombasa na kuuchoma moto. Wenyeji walirudi wakajenga palepale.

Nyumba ya matumbawe ikianguka, mawe mazuri huokotwa yakajengewa nyingine. Kifusi kinachobaki husawazishwa, ikamwagwa sakafu mpya ya chokaa juu yake. Ndivyo ardhi inavyopanda, sakafu juu ya sakafu. Zingebaki zimepangika vile, mchimbaji angeshuka tu akihesabu. Lakini watu hawatulii: huyu anachimba kisima, yule choo, na shimo la choo la juzi hutoboa karne kadhaa kwa siku moja. Kigae cha chombo cha China cha miaka mia tano hutupwa juu, kizibo cha soda kikashuka chini.

Kwa hiyo kabla ya kuokota vigae, wachimbaji huusafisha ukuta wa shimo kwa mwiko na kuutazama. Mstari mweupe wa chokaa ukikatika ghafla na pengo likajaa udongo mweusi laini, hapo palichimbwa baadaye. Vitu vya pengo hilo hutiwa mfuko wao peke yake. Wakivichanganya, hesabu yote ya miaka imeharibika.

Na pa kuchimba penyewe ni wapi? Huwezi kumwambia mama wa watu avunje sebule yake. Husubiriwa msingi wa jengo jipya, au kiwanja kilicho wazi. Miaka ya 1970 mtafiti Hamo Sassoon alichimba kwenye uwanja wa hospitali kuu ya Pwani, kaskazini ya Mji wa Kale, akakuta dalili za makazi ya karne ya 11 hivi. Yaani kuna mji ulio wa kale kuliko Mji wa Kale, ambao nyumba zake nyingi tunazozisifia milango ni za karne ya 19!

Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichimbwa vizuri baada ya gereza lililokuwamo kufungwa mwaka 1958. Na chini yake, baharini, wapiga mbizi waliichunguza Santo António de Tanna, jahazi la Wareno lililozama mwaka 1697, kwa misimu kadhaa kuanzia 1977. Kule hakukuwa na mpangaji wa kuhamisha.