Mmea mtakatifu maana yake nini? Tumbaku na koka katika nchi zilikotoka

Neno "mtakatifu" kwetu limekaa sana kanisani. Ukimwambia mtu kwamba zipo jamii za Amerika zinazoziita tumbaku na koka mimea mitakatifu, anawaza watu wanaopigia mti magoti. Halafu anauliza, na ana haki ya kuuliza: tumbaku ipi, si hii hii iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba inaua? Na koka si ndiyo inayotoa kokeini?

Kiswahili kina neno linalokaribia zaidi jambo lenyewe, nalo ni tambiko. Bibi yangu alikuwa na kikopo cha ugoro, alikifunga kwenye pindo la kanga. Kabla ya kunusa alichukua chembe kidogo kwa vidole viwili, akazidondosha chini, akakaa kimya. Ndipo na yeye akapata chake. Tulipomuuliza, alisema walioko chini nao wana fungu lao. Hakuuabudu ugoro, wala hakudhani una roho ya malaika. Ulikuwa kitu cha kupitishia heshima kutoka kwa aliye hai kwenda kwa asiyeonekana, na kwa hiyo haukuchezewa. Mtu aliyeona jambo kama hili nyumbani kwao tayari ameshaelewa nusu ya maana ya mmea mtakatifu.

Nusu iliyobaki ni miiko. Mmea mtakatifu ni mmea ambao jamii imefungamana nao kwa masharti: nani aupande, nani auchume, ruhusa iombwe kwa nani, utumike saa ngapi, na anayeutumia afanye nini baada ya hapo. Utakatifu haukai ndani ya jani kama chumvi ndani ya maji ya bahari. Unakaa kwenye hayo masharti, na ndiyo maana jani lile lile likivuka mlima na kufika mikononi mwa mwingine linaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Tuanzie msituni Amazon, kati ya mito Caquetá na Putumayo, mpakani mwa Kolombia na Peru. Huko wanaishi Wamurui-Muina, ambao vitabu vingi huwaita Wawitoto, pamoja na majirani zao Wabora, Wamuinane na Waokaina. Wote hujitambulisha kama watoto wa tumbaku, koka na muhogo mtamu. Angalia kwamba muhogo umo katika hesabu hiyo. Tumbaku na koka huhesabiwa kuwa vitu vya moto na kwa sehemu kubwa viko mikononi mwa wanaume. Kinywaji cha muhogo kinachoandaliwa na wanawake ndicho kinachopoza. Kuvitaja viwili na kuacha cha tatu ni kuvunja figa moja la jiko.

Koka ya huko ni ya aina yake, huitwa ipadu. Ni nadra kuzaa mbegu, hivyo haioteshwi kwa mbegu bali kwa vipandikizi: unakata kijiti kwenye mti uliokomaa, unakichomeka kwenye shamba lililofyekwa na kuchomwa moto, nacho kinachipua. Shamba likiachwa msitu urudi, koka hiyo hufa. Haiwezi kujiendea porini. Maana yake ni kwamba kila mche uliopo leo umetokana na kijiti kilichokatwa na mkono wa mtu, naye alikikata kwenye mche uliopandwa na mtu mwingine, kurudi nyuma vizazi na vizazi. Kwangu mimi hii ndiyo picha iliyo wazi kuliko zote: watu wanautunza mmea, na mmea nao unawalazimisha wasiache kutunzana.

Alasiri majani huchumwa na kutiwa kikapuni. Yanakaangwa kwenye chungu kipana bila mafuta, yakigeuzwa bila kupumzika mpaka yawe makavu ya kuvunjika. Kisha kinu na mchi. Wakati huo huo kando huchomwa majani makavu ya mti uitwao yarumo, yakabaki majivu meupe mepesi. Majivu yanachanganywa na koka iliyotwangwa, vyote vinatiwa kwenye mfuko wa kitambaa na kuchekechwa kwa kupigwapigwa, hadi unapatikana unga wa kijani, laini kama poda ya mtoto. Huo ndio mambe. Tumbaku nayo huchemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yaishe na ibaki lami nyeusi, ikachanganywa na chumvi inayochujwa kutoka kwenye majivu ya mimea ya msituni. Hiyo huitwa ambil, nayo hulambwa kidogo sana kwa ncha ya kidole au kijiti.

Giza likiingia, wanaume hukaa kwenye sehemu maalumu ya nyumba kubwa ya ukoo. Ni baraza, lakini baraza lenye adabu zake. Kijiko cha mambe huwekwa shavuni, unga unalowa taratibu; mgeni asiyezoea akijaribu kuongea haraka hupaliwa na kutoa wingu la kijani. Kwa hiyo mazungumzo hulazimika kwenda polepole. Hapo huzungumzwa ugonjwa wa mtoto, ugomvi wa mpaka wa shamba, sherehe ijayo. Anayeongea huitikiwa na mwenzake hatua kwa hatua, kama msimulia hadithi anavyoitikiwa kwetu. Na lipo sharti moja zito: neno lililosemwa usiku lazima lipambazuke, yaani kesho yake lionekane kazini. Aliyeketi usiku kucha akila mambe na kuahidi, halafu asubuhi shamba likabaki vile vile, huyo ameitumia koka vibaya. Kosa lake ni neno lisilozaa, hata kama hakuzidisha kijiko.

Watu hawa nusura wamalizwe. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Julio César Arana, mfanyabiashara wa Peru aliyeuza utomvu wa miti ya mpira, iliwatumikisha kwa viboko, njaa na risasi. Mtu aliyetumwa mwaka 1910 kuchunguza alikuwa Roger Casement, konseli wa Uingereza, yule yule ambaye taarifa yake ya mwaka 1904 ilianika ukatili wa mpira katika Kongo ya Mfalme Leopold. Msomaji wa Kongo hahitaji kueleweshwa alichokikuta. Maelfu kwa maelfu walikufa. Mwaka 2012 rais wa Kolombia, Juan Manuel Santos, aliwaomba radhi rasmi. Wazee wa La Chorrera, kijiji kilichokuwa kituo cha kampuni hiyo, husema habari za miaka ile zimo ndani ya kapu la giza, ambalo halifunguliwi ovyo. Mbele ya watoto hufunguliwa kapu la neema. Kipi kisemwe na kipi kinyamaziwe, hilo nalo huamuliwa pale pale kwenye mambe na ambil.

Sasa tupande kaskazini hadi Sierra Nevada de Santa Marta, mlima wa Kolombia unaochomoza kando ya bahari ya Karibi na kuwa na theluji kileleni. Wakogi, Waarhuaco, Wawiwa na Wakankuamo wanaishi humo, na maarifa yao yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022. Wanaume wawili wa Kiarhuaco wakikutana njiani hawaanzi kwa kupeana mikono. Kila mmoja huchota majani ya koka kwenye mkoba wake na kuyatia kwenye mkoba wa mwenzake. Basi, wameamkiana. Mkoba umefumwa na mwanamke, na kwa desturi yao wanawake ndio wanaochuma majani.

Kijana akifikia utu uzima hukabidhiwa poporo na mamo, yaani mzee mwenye elimu ya mambo ya dini na asili. Poporo ni kibuyu kidogo chenye chokaa ya makombe ya baharini yaliyochomwa na kusagwa. Kijiti huchovywa ndani, chokaa ikapelekwa kwenye majani yaliyo shavuni, kisha kijiti husuguliwa mdomoni mwa kibuyu. Siku moja haionyeshi kitu. Miaka ikipita, mdomo wa kibuyu hujengeka tabaka la manjano, gumu kama jiwe, na mwenyewe husema humo ameandika fikra zake. Ukitaka kuona kibuyu cha chokaa kilichothaminiwa kupita kiasi, kipo cha dhahabu katika Makumbusho ya Dhahabu, Bogotá: Poporo Quimbaya, kilichonunuliwa na benki kuu ya Kolombia mwaka 1939, nacho ndicho kilichoanzisha makumbusho hayo.

Mtu wa Pwani hawezi kusoma habari za chokaa na jani shavuni bila kukumbuka tambuu. Na kweli ujuzi ni mmoja, ingawa mimea haina undugu wowote. Chokaa, majivu au magadi hupunguza ukali wa asidi mdomoni, na viini vya mmea hutoka kwa urahisi na kupenya kwenye ngozi ya ndani ya shavu. Tambuu na popoo hutiwa chokaa. Ugoro wa bara hutiwa magadi. Koka hutiwa chokaa ya makombe au majivu. Katika bonde la Ñanchoc, kaskazini mwa Peru, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya majani ya koka pamoja na chokaa yenye umri wa miaka ipatayo 8,000.

Katika milima ya Andes, kwa Waquechua na Waaymara, mambo ni ya wazi zaidi. Majani matatu mazima hushikwa kama shada dogo, yanapulizwa pumzi kuelekea milimani, likatajwa jina la Pachamama, mama ardhi. Kisha ndipo mtu ale yake. Katika Yungas ya Bolivia koka hupandwa kwenye matuta ya ngazi, huchumwa mara tatu au nne kwa mwaka, na majani huanikwa juani kwenye sakafu ya mawe kwa saa chache tu. Mvua ikiyawahi, yanageuka meusi na bei inaanguka.

Tumbaku takatifu haiko Amerika ya Kusini peke yake. Waanishinaabe wa eneo la Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini huiita asemaa, na kabla ya kuvuna mpunga wa porini huweka kidogo majini kama shukrani. Kwa sehemu kubwa haivutwi kabisa, au moshi hauingizwi mapafuni. Wacrow wa Montana walikuwa na chama cha tumbaku chenye wanachama waliopokelewa kwa sherehe. Walipanda tumbaku maalumu, wakailinda msimu mzima, wakachuma mbegu, wala hawakuivuta. Kulima kwenyewe kulikuwa ndiyo ibada.

Kutoka hapo mtu aone jinsi mambo yalivyoharibika. Mwaka 1860 Albert Niemann, mwanafunzi wa kemia huko Göttingen, alieleza jinsi alivyotenga kokeini kutoka kwenye jani. Jani kavu lina takriban asilimia moja au chini ya hapo. Kilichotengwa ni kitu kimoja kilichonyofolewa, bila shavu, bila chokaa, bila mzee wa kuitikia. Tumbaku nayo ikageuzwa sigara, ya kuvutwa harakaharaka peke yako, na leo inaua zaidi ya watu milioni 7 kwa mwaka duniani. Halafu adhabu ikarudi kwa wenye mmea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 uliliweka jani la koka katika kundi moja na kokeini na heroini, na ukataka desturi ya kulitafuna ikomeshwe ndani ya miaka 25. Bolivia iliandika katika katiba yake ya 2009 kwamba koka ni urithi wake, ikajitoa kwenye mkataba, ikarudi mwaka 2013 ikiwa imeweka sharti kwamba ndani ya nchi yake jani linaruhusiwa. Nadhani walifanya sawa. Kuwaambia watu waache salamu yao kwa sababu mtu wa mbali amejidhuru na kitu kingine ni uonevu.

Lakini mtakatifu si salama. Nikotini ni sumu, na kadiri ambil inavyokuwa nzito ndivyo inavyodai mkono unaojua kipimo. Wakulima wa tumbaku wa Tabora na Urambo wanajua kichefuchefu na kizunguzungu kinachowapata wanaposhika majani mabichi yenye umande. Wala jina "takatifu" halimpi ruhusa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi kuagiza koka kwa posta: sheria za dawa za kulevya za Tanzania na Kenya zinaikataza, na hata bila sheria, jani litakalofika litakuwa limeacha nyuma mkoba, salamu na wazee.

Nchini Marekani ibada nyingi za wenyeji zilipigwa marufuku na serikali kuanzia miaka ya 1880, na sheria ya kulinda uhuru wao wa dini ilipatikana mwaka 1978 tu. Katikati ya hapo wengi walijikuta wakitoa tambiko kwa tumbaku ya dukani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Siku hizi jamii kadhaa zimerudi kuotesha asemaa yao wenyewe. Mbegu ni ndogo kama punje ya mchanga, hunyunyizwa juu ya udongo bila kufukiwa, hupandishwa miche, na majani hukaushwa ndani ya nyumba bila kuongezwa kitu. Kwa desturi mbegu haziuzwi. Mwenye nazo humpa jirani anayeziomba, na anayeziomba huja na tumbaku kidogo mkononi.